Betri ya Omena na Kichwa cha Achieng'

Ujerumani,
Jumapili, baada ya kazi

Baba Achieng', mume wangu Okoth,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu mtu haruki salamu hata akiwa na hasira, na hasira ninazo. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje? Mama miguu yake bado inavimba jioni? Ziwa linasemaje, dagaa wetu wa omena wanapatikana au bado mnavuta magugu? Mimi mwili wangu ni mzima. Baridi ya huku imeanza kuuma masikio, na tangu juzi navaa soksi mbilimbili kama mgonjwa. Nakula, nalala kidogo, nafanya kazi. Hayo ndiyo ya afya yangu.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu nimeijaribu, Okoth. Nikianza tu kulitaja lile jambo, mtandao unapotea upande wako, na nikimpigia ndugu yako Otieno dakika hiyohiyo mtandao uko safi kabisa. Mimi si mtoto. Basi nimeandika, na barua nimempa Nereah, yule muuguzi mwenzangu wa kwao Kosele, anayekuja likizo kuwaona wazazi wake. Nimemwomba afike Karungu yeye mwenyewe, akalie kiti chetu, asiondoke mpaka uisome hadi mwisho. Nimeandika kwa Kiswahili kilekile tulichotongozana nacho, maana Kijaluo changu ukikisoma utacheka, na katika Kikuria unajua matusi peke yake. Leo sitaki ucheke.

Otieno ameniambia kwamba mwezi ukijaa tena unataka kuunganisha betri ya pili kwenye kichwa cha mtoto. Mwezi wa huku ni huohuo wenu, na nimeuangalia, umeshafika nusu. Ndiyo sababu Nereah hataanzia kwao.

Aliyenifungua macho ni Mama. Aliomba simu ya yule mama muuza chapati hapo bichi akanipigia mchana, nikiwa nimetoka kumwogesha mgonjwa, mikono yangu bado ina povu. Nilivyosikia sauti yake nikajua kuna msiba, kwa sababu tangu nije huku mama yako hajawahi kunipigia yeye.

"Nyar Kuria, binti wa Kuria, uko peke yako?" akauliza.

"Niko peke yangu, Mama. Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Huyu bwana yako anaweka mtoto stima kwa kichwa."

"Stima gani?"

"Ile ya betri. Ya taa ya omena. Anafunga na mpira ya tyubu, anamwaga maji ya chumvi hapo. Mtoto ako na kidonda mbele ya uso. Nikimwambia awache, ananiambia hiyo dawa ni wewe umeleta. Ni ukweli?"

Povu lilinikaukia mikononi.

"Na madawa ya kuanguka amemwachisha," akaendelea. "Iko tu kwa mkebe. Anasema mtoto akimeza, stima haifanyi kazi. Sasa anaanguka, anaamka, anaanguka tena. Aol, nyathina. Nimechoka, mtoto wangu."

Mama hajui kulia kwenye simu, nikamsikia tu mwenye simu akimwambia dakika zinaisha. Nilimshukuru. Wewe usije ukamgombeza kwa hilo. Ukimgombeza nitajua, na nitamwambia Otieno amhamishie kwake.

Najua ilivyoanza, hata bila kuambiwa. Mwezi ulikuwa mkubwa. Ziwa likiwa na mwanga omena hawaifuati taa, mashua zinalazwa mchangani, na wavuvi wote wanakuletea betri zao uzikague kabla ya giza kurudi. Umekaa na betri zimejaa chaji, kazi hakuna, na mtoto amekaa mbele yako anatazama ukuta. Mfa maji haachi kutapatapa. Ningekuwa hapo pengine ningetapatapa nawe, lakini nisingemwachisha dawa.

Kweli, mimi ndiye niliyekusimulia habari za ile mashine. Nilikusimulia kama mke anavyomsimulia mume wake mambo ya kazini. Nilikuambia kuna chumba wodini kwetu ambako huwa nawasukuma wagonjwa kwa kiti cha magurudumu, wanawekwa sifongo mbili zenye maji ya chumvi kichwani, na umeme mdogo sana unapitishwa, mdogo hata mgonjwa anasikia kama siafu wanatembea tu. Nilikuambia habari za yule mama aliyekuwa mwalimu wa muziki, ambaye ubongo wake uliwaka homa kama wa Achieng', na jinsi alivyofunga kifungo cha shati lake mwenyewe. Nililia nikikuambia. Nilidhani unanisikiliza, kumbe ulikuwa unatafuta waya.

Jioni ya siku ile Mama aliponipigia, kabla sijakuuliza, ukanipigia wewe, simu ya picha. Hiyo siku sitaisahau. Ulikuwa unacheka, Okoth, meno yote nje, jinsi ulivyocheka siku ile Achieng' alipozaliwa ukamwambia kila mtu wa Sori.

"Ameniita!" ukasema. "Boke, ameniita Baba! Mwaka nzima hajaniita, na leo ameniita."

"Na hiyo alama nyekundu kichwani?"

"Hiyo itakauka. Wewe si ulisema ni umeme kidogo? Hii ni volti kumi na mbili tu, haiwezi ua hata kuku. Nimejipima kwa mkono yangu, sijasikia kitu."

Nakwambia ukweli, nilifurahi. Moyo uliruka kabla akili haijafika. Kisha ukamgeuzia simu, ukamwambia, "Angalia, ni mama yako," naye akaniangalia kwa muda mrefu, akaniita Baba. Mimi. Akatamka vizuri kabisa. Wewe ulikuwa unacheka kwa furaha, hukusikia. Nimemuuliza Mama akaniambia amemwita hivyohivyo mzee wa kanisa, na mwenye boda anayeleta unga, na mwanamke aliyekuja kuomba moto. Ni neno limebaki mdomoni mwake lisilo na mtu. Naumia kukuandikia hivyo, lakini ni bora uumie wewe na mimi kuliko aumie yeye.

Sasa nizungumze na fundi. Wewe ni fundi mzuri, sijawahi kulikana hilo. Nimekuona mara nyingi ukipima betri, unachovya kiganja majini, unagusisha nyaya mbili, unasema hii iko sawa, hii imelala. Wavuvi wote wa hapo wanafanya hivyo na hakuna aliyekufa. Lakini kiganja chako ni cha kamba na makasia. Mwaka tuliooana sindano ya nyavu ilikuingia, ukaona damu kabla hujasikia maumivu. Paji la uso la Achieng' si kiganja cha mvuvi. Ni ngozi laini, umeiloweka chumvi, umeibana kwa mpira, ukaiacha hapo ukaenda kunywa chai. Umeme wa namna hiyo haupigi shoti ukaruka. Unachoma polepole chini ya kitambaa, kama jivu la moto ukilikalia.

Na yeye hawezi kusema, "Baba, inachoma." Maneno yenyewe hana. Anakaa tu na machozi yanatoka, Mama ameniambia, na wewe ukadhani ametulia kwa sababu dawa inaingia. Hapo ndipo nilipokuchukia, Okoth. Sikufichi. Nilikuchukia siku mbili nzima, nikawa namkandamiza sana mgonjwa nikimfuta, mpaka akalalamika.

Kile kimashine cha huku ni kidogo, kinaingia mfuko wa koti. Nilikuwa nadhani kazi yake ni kutoa umeme. Nimeulizia, nikaambiwa kazi yake kubwa ni kuuzuia. Ngozi ikilowa zaidi na umeme ukitaka kupanda, kinaubana. Sifongo ikisogea, kinajizima na kulia. Daktari hatoki chumbani hata kwenda chooni. Na mtu mwenye kuanguka kama Achieng' wanamkataa mlangoni, hata ndugu zake wapige magoti, kwa sababu wanaogopa kumwamshia kifafa. Betri yako haina macho. Inatoa tu kila kilichomo, iwe ni taa iwe ni mtoto.

Anayenifundisha hayo ni daktari mmoja mwanamke, mrefu, anayekula tufaha akitembea. Kijerumani changu ni cha sokoni, kwa hiyo ananichorea kwenye karatasi za kufutia mikono. Nilimuuliza hiyo mashine inatibu nini hasa, kwa maana homa za hawa watu zilishaisha. Akaniambia ndani ya ubongo kuna walinzi. Ugonjwa ukiingia, walinzi wanavimba, wanatoka kupigana. Nikamwambia kwetu Kuria tuna sungusungu. Akauliza ni nini hao, nikamweleza. Nilipokuwa msichana, ng'ombe wakiibwa, vijana walitoka na marungu. Mara nyingi wezi walikuwa wameshavuka kwenda Tanzania, lakini wale vijana damu imeshachemka, hawawezi kurudi mikono mitupu, basi wanampiga wanayemkuta njiani. Binamu yangu alivunjwa mkono hivyo asubuhi akienda kuteka maji, na wote walimjua kwa jina.

Daktari akaacha kutafuna. Akasema ndivyo, hao ndio wenyewe.

Basi sikiliza. Homa ya Achieng' ilipopanda kichwani walinzi wake walitoka, na ni vizuri walitoka, ndiyo maana yuko hai. Lakini ugonjwa ukiisha, wengine hawarudi nyumbani. Wanaendelea kuwapiga wenyeji. Hapo ndipo wataalamu wanauliza kama umeme mdogo sana unaweza kuwaambia, tulieni, wezi wameondoka. Katika panya wa maabara, mara nyingine wametulia. Mara nyingine umeme umezidi kidogo tu, au umeelekezwa vibaya, na walinzi walewale wamesimama upya na marungu yao. Kwa binadamu bado wanachunguza. Nilimuuliza bila kuzunguka, "Inaponya?" Akasema, "Sijui. Ndiyo maana tunapima." Mwenye mashine anasema hajui. Wewe mwenye betri ya omena unajua.

Na yule mwalimu wa muziki, ngoja nikumalizie habari yake, maana niliishia pale pazuri. Kifungo kilimshinda tena. Sasa anavishwa kila kitu, mpaka soksi, na mimi ndiye ninayemvisha. Mume wake anakuja kila jioni anamshika kidole kimoja kimoja na kumwimbia noti, naye anaangalia dirishani. Daktari anasema hata siku ile ya kifungo hawezi kuapa kama ni umeme uliosaidia au ni mazoezi ya mikono waliyokuwa wanamfanyisha. Nimekuandikia haya kwa sababu wewe ulijenga nyumba nzima juu ya kifungo kimoja.

Sasa nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipaogopa tangu nianze kuandika. Nimeenda kuchemsha chai nikarudi, na chai imepoa mbele yangu.

Unakumbuka zile picha za kichwa za hospitali ulizozishikilia dirishani, ukazipiga kwa simu ukanitumia? Nilimwonyesha daktari huyo wakati wa mapumziko. Kwanza alikataa. Akasema picha ya picha si kazi ya daktari, niende kwa aliyemtibu mtoto. Nikamwambia aliyemtibu yuko ng'ambo ya bahari na mimi ni mama. Akaweka tufaha lake juu ya meza, akaichukua simu, akaipanua picha kwa vidole. Aliizungusha hivi na hivi mpaka nikataka kumnyang'anya.

"Uvimbe uko wapi?" nikamuuliza.

"Hapa sioni uvimbe tena," akasema. "Naona mahali palipokufa."

Akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Ni upande ule wa maneno na majina ya watu, na sehemu inayotuma habari kwenye mkono. Nikauliza kama ile mashine yao, ile ya kweli, ingeweza kuparudisha. Akasema hata kama ingekuwa imethibitishwa kutuliza walinzi, hapo hakuna wa kumtuliza, vita viliisha zamani na waliokufa wamekufa. Akasema sehemu nyingine za ubongo zinaweza kujifunza kidogokidogo kazi za zile zilizokufa, kwa kumzoeza, kwa miaka, na si zote. Kisha akasema nisichukue neno lake kuwa hukumu, turudi kwa daktari wetu, kwa sababu yule amemshika mtoto na yeye ameshika simu tu.

Nikakumbuka kwamba yule daktari wa Homa Bay alikuambia jambo hilohilo, uso kwa uso, wewe na Mama mkiwa mmekaa kwenye benchi. Ulinisimulia mwenyewe. Ulisema ni kijana ambaye hajaota hata ndevu, atajua nini. Na mimi nilikubaliana nawe, nikasema tumtafute mwingine. Tulikuwa tunatafuta daktari wa kutudanganya vizuri.

Nilienda stoo ya mashuka, nikachukua shuka safi, nikaliuma, nikalia. Msimamizi alinikuta humo, mama mkali ambaye sijawahi kumwona akitabasamu, akafunga mlango akasimama nje asiingie mtu. Nimempenda tangu hiyo siku.

Kwa hiyo nisikilize, na hapa sikuombi. Leo hii, kabla Nereah hajamaliza soda yake, ule mpira, zile nyaya na zile sifongo uvitoe umpe mkononi. Amekubali kuondoka navyo. Betri irudishe kwenye taa za watu, ndiyo kazi yake. Kesho asubuhi mpeleke Achieng' kliniki na ule mkebe wa dawa, uwaambie ukweli wote, kwamba ulimwachisha, na kwamba ulimwekea umeme. Watakuangalia vibaya. Waache wakuangalie. Usianze kumrudishia vidonge kwa kukisia, waseme wao aanzie wapi. Kidonda wakikague wakati huohuo, na Nereah ana dawa ya kupaka, atakuonyesha namna ya kuisafisha bila kumuumiza. Kila akianguka ulikuwa unasema ni ugonjwa unatoka, lakini haukuwa ugonjwa unaotoka. Ni mtoto aliyenyimwa dawa.

Na yule mzee jirani aliyepooza upande mmoja, nasikia mke wake alimleta akaketi kwenye stuli unayomfungia Achieng' nyaya. Nenda kwao umwambie asirudi. Mwambie umekosea. Najua hilo litakuuma kuliko yote, kwa sababu watu walianza kukuita daktari na wewe ulianza kuitika.

Najua utaniuliza, mbona nisije mwenyewe badala ya kupiga kelele kutoka mbali. Nimejiuliza hilo kabla yako. Nikivunja mkataba huu sasa, siruhusiwi kurudi, na dawa ya Achieng' ni ya maisha, haitanunuliwa na omena wanaokuja mwezi ukipenda. Kila asubuhi nawavisha wazee, watoto wa mama wengine, na wa kwangu anavishwa na nyanya mwenye miguu inayovimba. Nikifikiria hivyo sana siwezi kushika kijiko. Nitakuja likizo yangu ikifika, kama Mungu hajafunga njia. Kabla ya hapo wewe ndiye macho yangu, Okoth, ndiyo maana nimekusema hivi. Mtu hagombani na macho asiyoyahitaji.

Kuna jambo moja limebaki. Kwenu mtu akifa mnalia, mnakimbiza ng'ombe, mnanyoa, mnakula, na siku zikiisha mtu anarudi kazini. Kwetu pia tuna yetu. Lakini hakuna mila, kwenu wala kwetu, ya mtoto aliyekufa nusu. Achieng' wetu, yule aliyekuwa anasoma somo kanisani bila kuangalia kitabu, aliyekuwa anakukosoa Kiswahili mbele ya wageni, aliyesema atakuwa nahodha wa mashua kubwa na wavulana wakamcheka akawapiga, amekufa mwaka jana wakati wa mvua. Nimeandika. Nilidhani nitaanguka nikiandika, sijaanguka. Hatukumlilia kwa sababu kitanda chake hakikuwa kitupu. Tumekaa mwaka mzima tunamngoja arudi, na kungoja kwetu kumekufikisha kwenye betri.

Mlilie, mume wangu. Nenda kule nyuma kwenye ua wa katani mahali Mama hatakuona, au mwite Mama mlie pamoja, yeye anajua kulia kuliko sisi. Mimi nitalia huku, siku ambayo Nereah ataniambia barua imefika. Ukimaliza nawa uso.

Mpe Mama salamu zangu, mwambie ile simu yake iliokoa mtu, na soksi za sufu alizoziomba ziko kwa Nereah. Msalimie ndugu yako Otieno na mke wake, waambie nimesikia mashua imepakwa rangi mpya na mimi sikuulizwa. Dada yangu kule Kehancha akipita, mwambie aache kuleta wale waombaji wa kupiga kelele, Achieng' anaogopa makelele. Mama wa chapati mlipe zile dakika zake na umshukuru mbele ya watu. Yule mzee na mke wake wape pole, na usiwape kitu kingine.

Kisha kuna huyo msichana anayekaa kwenye mkeka hapo kwetu. Mama ameniambia anapenda maji ya vuguvugu miguuni. Ameniambia omena wakimwagwa kwenye nyavu kukaushwa, wakimetameta, anacheka mpaka anakohoa, na hakuna anayejua anacheka nini. Mimi simjui, Okoth, wala wewe humjui. Tangu atoke hospitali tumekuwa tukimpekua tukimtafuta yule mwingine ndani yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsalimu. Kaa naye chini leo umsalimie. Mwambie mimi ni mama yake, naitwa Boke. Akisahau, mwambie tena.

Mkeo,
Boke